Usinidakie, Karani

Hakuna mtu aliyewahi kumaliza kutaja jina lake mbele ya Karani. Unaingia ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kakao, jasho la baiskeli bado linakutiririka mgongoni, unaegemea kaunta na kufungua kinywa: "Naitwa Mwa..." Keshakumalizia. "Mwakibete wa Ndandalo, mtoto wa Tumpe, yule aliyeangukiwa na mgomba. Mama mguu umepona? Haya, pita dirisha la pili." Na umepita kweli, huku unajiuliza amejuaje habari za mguu.

Nilikaa naye chumba kimoja miaka minne. Mimi nilikuwa mtu wa tovuti ya chama, yeye alikuwa karani, tena karani tangu zamani za daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Watu wote walimwita hivyo, hata mchungaji. Jina lake nalijua vizuri. Humu silitaji, kwa sababu lina mahali pake pa kuandikwa, na nilichelewa mno kuliandika hapo. Kuna kosa langu alilolibeba yeye. Nikisimulia vituko vyake kwanza, msidhani nimesahau. Kila kituko kinanirudisha palepale.

Kwanza, alikuwa hatulii. Kiti chake kilikuwa kipya kuliko viti vyote ofisini, na kilinunuliwa siku moja na vingine. Aliandika akiwa amesimama, anachapa kibodi kwa vidole viwili, haraka kuliko mimi na kumi vyangu, kisha anaondoka kabla kioo hakijaonyesha alichoandika. Anakwenda mlangoni, anaangalia mawingu upande wa milima, anarudi, anafungua kabati, anasahau alichofuata, anafunga. Mwezi wa kwanza alinichosha kwa kumtazama tu. Wa pili nikagundua na mimi nimeanza kutikisa goti chini ya meza kutwa nzima, na goti hilo lilikataa kuacha miaka yote iliyofuata.

Kanisani ilikuwa hivyohivyo, waliniambia wenzake wa kwaya. Mimi ni Mwislamu, baba ana duka pale Mbugani la maturubai, kufuli na kamba, babu ndiye aliyekuja kutoka pwani. Lakini hata msikitini kwetu ilijulikana kwamba Karani anabadilisha benchi mara tatu katika hubiri moja, na kwamba likizidi anatoka kwenda kutazama mvua isiyonyesha.

Mahali pamoja tu alikuwa anakaa, napo ni msibani. Akifika kwenye msiba anakunja miguu juu ya mkeka, anaweka mikono mapajani, na hapo hainuki mpaka kaburi lifunikwe. Nilimwona mara mbili na mara zote mbili nilidhani ni mtu mwingine amevaa kitenge chake. Nikamuuliza. Akasema, "Nkamu, ndugu yangu, aliyekufa ndiye mtu pekee asiye na haraka. Na wewe ukienda kwake usiwe nayo." Kisha akaondoka mezani, sentensi ijayo akaimalizia akiwa ukumbini, sikuisikia.

Alikuwa na mtungi wa udongo wa Ikombe pembeni ya kabati, na maji yake yalikuwa baridi kuliko ya ile mashine iliyoletwa na wafadhili. Kila baada ya miezi michache alikuwa anakwenda kuleta mwingine, kwa gari mpaka Matema, kisha mtumbwi. Ukimwuliza kwa nini asiagize tu, alikuwa anasema mtungi ukiagizwa unaletewa ule waliotaka kuuondoa. Kule alikuwa na rafiki yake mfinyanzi, mama mmoja mtaratibu, mwenye kuzungumza kama anayehesabu maneno. Sijui waliwezana vipi. Karani aliniambia yule mama ndiye mtu pekee ambaye yeye mwenyewe hakuweza kumdakia. "Nikijaribu, ananyamaza. Nalazimika kusubiri. Ni mateso, baba, lakini narudi tena."

Kudakia lilikuwa neno lake, na hapo ndipo penye kichekesho. Yeye aliyewamalizia watu wote majina alikuwa hawezi kabisa kumaliziwa. Bwana mmoja kutoka Mbeya, amevaa koti na joto lile la Kyela, alimdakia kikaoni. Karani alikuwa anasema, "Wanachama wetu wa kandokando ya ziwa wanahitaji..." bwana akamalizia, "elimu." Karani akamtazama. Kisha akaanza upya tangu salamu. "Habari za mchana, wajumbe. Mimi ni karani wa chama hiki. Wanachama wetu wa kandokando ya ziwa wanahitaji miche." Bwana yule hakufungua kinywa tena mpaka chai.

Siku nyingine mgeni alitaka kumwandika kwenye orodha ya mahudhurio, akamwuliza jina kamili. Akajibu, "Mimi naandika, siandikwi," akaondoka na kalamu ya mgeni.

Sasa, mambo ya kisanduku.

Tovuti ya chama ilikuwa na chumba chake cha nyuma, pale anapoingia mhusika kuandika habari na matangazo kabla watu hawajayaona. Kwenye matangazo kulikuwa na sehemu ya kujaza jina la mwanachama, ili tangazo lishikane na ukurasa wake na ujumbe uende kwenye simu za wenzake. Watu walikuwa wanaandika majina vibaya, kila mmoja kivyake. Nikaamua kutengeneza kisanduku kinachokumalizia: unaandika herufi tatu za mwanzo, chini inafunguka orodha ya majina kumi, unachagua la juu kwa kubonyeza enta au unashuka kutafuta lako. Nilijifunza Dar es Salaam, na somo lilisema herufi tatu zinatosha. Nilikijaribu kwa majina ya kwetu nyumbani, niliyoyaweka ya mfano. Nikaandika Fad, akaja Fadhili. Nikaandika Shu, akaja Shufaa, dada yangu. Nikafurahi kama mtoto. Nikamwita Karani aje aone.

Alikuja akiwa amesimama, kama kawaida. Akachapa herufi tatu: M, w, a.

Kompyuta ikaganda. Ilipozinduka ikatoa majina kumi, yote yakianza na Mwai, na ukitaka Mwasomola ungoje kesho. Nusu ya wilaya ilikuwa imesimama nyuma ya zile herufi tatu. Nilizaliwa Kyela, nimesoma na akina Mwa darasa zima, nimecheza nao mpira, na bado mikono yangu ilikuwa imetengeneza kitu cha watu wasiokuwepo. Karani alicheka mpaka akashika kaunta. Aliita watu wa mizani waje. "Njooni muone kisanduku cha mpwani! Anatutafuta kwa Mwa!"

Alipomaliza kucheka akanifundisha, na hili nalisema wazi: alichonifundisha hakikuwemo kwenye somo lolote. "Mwa ni mlango tu, baba. Wote tumepita hapo. Anza kusikiliza tukishaingia ndani." Nikakifanya kisanduku kiruke Mwa na kuanza kutafuta baada yake. Akaniambia wapo wanaoandika Mwakyo na wapo wanaoandika Mwakio, na ni ukoo mmoja, shule ndizo tofauti. Nikakifundisha hilo pia. Halafu akasema neno la tatu. "Jina peke yake halinitoshi. Mimi nikikumalizia jina lako, namwona mama yako na njia ya kwenu. Hicho kisanduku chako kinaona nini? Weka kijiji. Weka jina la mama."

Nikamwambia itajaza kioo. Orodha itakuwa nzito, kwenye simu itaonekana vibaya. Nilitumia hata neno "muundo." Akaniangalia, akaenda mlangoni kutazama mawingu. Hakulirudia.

Kikaanza kazi. Na Karani, ajabu, akakipenda. Walishindana. Anaandika herufi, anataja jina kwa sauti kabla orodha haijafunguka, kisha anakibeza: "Umechelewa, gwe!" Alizidi kuchapa haraka, na mimi nilizidi kuona raha, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imepata mchezaji.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi, nalo si refu. Kila herufi unayoandika, kisanduku kinatuma swali kwa mtandao, na jibu linarudi. Mtandao wetu siku za mvua ni wa kusuasua. Jibu la swali la kwanza linaweza kuchelewa njiani na kufika baada ya jibu la swali la mwisho. Likifika, kama fundi hakulizuia, linakaa juu ya lile jipya. Yaani umeandika jina lote, lakini orodha iliyo mbele yako ni ya nusu jina. Fundi anatakiwa kuandika mistari michache tu ya kutupa majibu yaliyochelewa. Mimi sikuiandika. Kwangu nyumbani mtandao ulikuwa mzuri.

Asubuhi moja ya masika zikaja habari kwamba Mzee Ambakisye Mwakalonge amefariki Ikombe. Alikuwa na shamba la kakao Matema, ila alihamia kwa mkewe, na mkewe ni yule mama mfinyanzi. Karani alikuwa keshajifunga kitenge cha msiba. Mvua inapiga bati. Alisimama kwenye kompyuta, akachapa jina kwa ile kasi yake, akabonyeza enta, akabonyeza kutuma, akachukua mwavuli, akatoka kuwahi gari la Matema. Mimi nilikuwa meza ya pili. Nilimuaga bila kuinua kichwa.

Jibu lililochelewa lilikuwa limefika kati ya herufi ya mwisho na enta. La juu kwenye orodha lilikuwa Ambakisye Mwakalobo. Wa Ndandalo. Mzima kabisa.

Tangazo lilisema jina tu. Kijiji hakikuwepo, mama hakuwepo.

Kufikia saa nne watu walikuwa wanamiminika Ndandalo. Mnajua misiba ya kwetu ilivyo: mikungu ya ndizi, mchele, mikeka, ngoma, wanawake wanaanza kulia tangu barabarani. Walimkuta Mzee Mwakalobo uani anaosha baiskeli. Wengine walikimbia. Mzee alicheka kwanza, akawakaribisha, akasema basi kuleni, mmefika. Kisha akafika binti yake kutoka Tukuyu, ambaye alilia njia nzima mpaka sauti ikakauka. Alipomwona babaye amesimama na ndoo alikaa chini kwenye tope na hakuweza kuinuka. Mzee hakucheka tena siku ile. Chakula kilicholetwa hakukigusa.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Baya zaidi lilikuwa Ikombe. Kule, marehemu wa kweli alizikwa na watu wanaohesabika kwa vidole. Wanachama wote walikuwa wamekwenda Ndandalo, na walipojua kosa mvua ilikuwa imechafua ziwa, mitumbwi haitoki. Karani alikuwepo. Kule kwenye vile vilima simu haikamati vizuri, hakuwa na habari. Waliokuwa naye wananiambia siku hiyo alishindwa kukaa mkekani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliinuka, akaenda kutazama maji, akarudi, akaambiwa tuzike, akasema bado, watakuja, nimewatangazia mwenyewe. Akaenda tena kutazama maji. Walizika alasiri. Mjane hakumlaumu mtu, alinyamaza tu kwa namna yake.

Kamati ilikaa. Mimi usiku uliotangulia nilikuwa nimeshaufungua msimbo wangu na kuona mahali penyewe. Niliona wazi, mstari uliokosekana, kama jino lililong'oka. Niliingia kikaoni na kompyuta kwapani, nimekusudia kusema. Mwenyekiti akauliza, "Nani aliandika tangazo?" Karani akasema, "Kidole ni changu." Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Fundi, mashine ina tatizo?"

Nikasema, "Mashine inafuata inachoambiwa."

Haikuwa hata uongo kamili, na ndiyo maana inaniuma. Chama kingine Mbeya kilikuwa kinataka kunipa kazi, kwa sababu ya kisanduku hichohicho. Nilikuwa mwoga. Natafuta neno zuri zaidi kwa miaka miwili sasa, sijalipata.

Wakamwambia apumzike, umri umekwenda, macho. Alirudisha funguo akiwa amesimama. Mtungi aliuacha. Siku ileile niliandika ile mistari michache, nikaongeza kijiji na jina la mama, na kioo hakikujaa hata kidogo.

Watu wakaanza kumwita "yule aliyemuua Mwakalobo." Kwa utani, lakini utani wa sokoni hauna breki. Niliusikia dukani kwa baba, mteja anachagua turubai anacheka. Nilipima turubai lake vibaya, baba akanifokea.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, baada ya kurudi kutoka kwenye ile kazi ya Mbeya. Anakaa Ndandalo kwenye shamba la marehemu dada yake. Nilimkuta anageuza kakao kwenye vichanja, mikono miwili inazunguka humo, miguu inahama kichanja hadi kichanja. Amekonda. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka milimani.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Ugonile, mpwani? Umenenepa. Mbeya kuna baridi, eh? Baba anaendelea na duka, Shufaa kaolewa, nimesikia. Karibu, shika upande huo tugeuze."

Nikashika. Nikaanza. "Karani, siku ile ya..."

"Msiba. Najua."

"Kile kisanduku kili..."

"Kilikosea. Au nilikosea. Yamepita."

"Nilitaka..."

"Kuomba radhi kwamba hukuja kunitazama. Ndaga fijo, asante sana, baba, umekuja."

Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Sijui kama alijua anachonipa. Kila sentensi niliyoianza aliimalizia kwa upole kuliko nilivyostahili, na niliona kwamba nikimwachia ataimaliza habari yote kwa niaba yangu, nitarudi nyumbani nimesamehewa kwa kosa dogo ambalo si lile.

"Usinidakie, Karani," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hili niache nilimalize mwenyewe."

Akasimama. Upepo ulikuwa umeanza kuleta harufu ya mvua, na kakao yote ilikuwa wazi, kazi ya wiki nzima. Alitazama mawingu mara moja. Kisha akaenda kwenye mkeka uliokuwa chini ya upenu, akakunja miguu, akaweka mikono mapajani, akakaa.

Nikamwambia yote. Jibu lililochelewa, mistari ambayo sikuiandika, kijiji nilichokikataa, usiku nilipoona, swali la mwenyekiti na nilivyolijibu. Matone ya kwanza yalianguka kwenye vichanja. Hakugeuza kichwa. Nilikwama katikati, nikatafuta maneno kwa muda mrefu, na yeye ambaye angeweza kunipa neno lolote alikaa kimya akalisubiri langu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, kamata turubai upande huo, kakao inalowa!"

Tukakimbia kama wendawazimu. Tulipomaliza tumelowana wote wawili. Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, akasema bila kunitazama, "Nilikaa miaka miwili nadhani macho yangu yamekufa. Nilikuwa naogopa hata kumwandikia mtu namba ya simu." Akakaza kamba ya turubai. "Mimi umeniambia. Kamwambie na mama wa Ikombe, maana aliyekosa watu ni yeye. Kisha waambie wote."

Nilivuka kwenda Ikombe keshokutwa yake. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake havikutoka kwenye udongo. Akauliza, "Karani anajua?" Nikasema anajua. "Basi andika," akasema.

Jana nimeingia ofisini, kwa ruhusa ya mwenyekiti mpya, nikafungua ukurasa wa matangazo. Nimeandika kosa lilikuwa la nani, la kisanduku gani, na nani alilibeba. Ikabaki sehemu ya jina. Nikachapa herufi za mwanzo, orodha ikafunguka na vijiji vyake na mama zake. Hakuwemo. Nikaongeza herufi, orodha ikapungua, ikapungua tena, ikaisha. Kikatokea kile kijisentensi nilichokiandika mwenyewe miaka ile: *Hakuna jina hilo.* Kumbe hakuwahi kuwa mwanachama. Aliwaandika watu wote wa ziwa hili na yeye hakuwahi kuandikwa.

Goti langu likatulia. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikaliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Chini yake nikaweka Ndandalo, na jina la mama yake.